Mstari wa Mwisho Usomwe Mwisho: Hotuba kwa Wanahisa Wadogo Kuhusu Ripoti za Robo Mwaka za Kampuni za Simu

Maneno haya yalisemwa mjini Morogoro mbele ya wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Yanawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao mvua na misiba iliwazuia kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vikundi, akina mama na akina baba mliofika mapema mkanisubiri mimi niliyechelewa, asanteni kwa uvumilivu wenu.

Nianze kwa kukiri. Mwaka 2017, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu nchini ziuze asilimia 25 ya hisa zake kwa umma, Vodacom Tanzania ilitangulia mbele ya wenzake ikauza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, ikakusanya shilingi bilioni 476, na mwezi Agosti mwaka huo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ni wangapi humu ndani mlinunua? Nyosheni mikono tu, hakuna atakayewauliza mna ngapi. Naam, tupo wengi. Mimi nami nilichukua sehemu ya kiinua mgongo changu nikanunua, kisha nikaanza kusubiri ripoti kama mtu anayesubiri matokeo ya mpira redioni: nani kashinda, bao ngapi?

Na hilo ndilo kosa ninalotaka kulikiri. Nimefanya kazi ya uhasibu kwa zaidi ya miaka thelathini, nimewafundisha vijana kusoma daftari tangu ukurasa wa kwanza, lakini ilipofika zamu ya fedha yangu mwenyewe nilishika ripoti, nikaruka mistari yote, nikaenda moja kwa moja kwenye ule wa mwisho unaosema faida au hasara. Nikikuta faida nilifurahi, nikikuta hasara nililaumu menejimenti. Katika hali zote mbili sikuwa nimeelewa chochote.

Ninachokuja kuwaeleza leo ni hiki: katika ripoti ya robo mwaka ya kampuni ya simu na intaneti, mstari wa mwisho ndio unaotueleza machache kuliko yote kuhusu hizo siku tisini. Umebeba mambo yaliyotokea miaka mitano nyuma, mambo yaliyotokea katika benki kuu ya nchi nyingine, na mambo yaliyotokea bungeni Dodoma, yote yamechanganywa katika tarakimu moja. Anayeanza na mstari huo ni sawa na anayeonja mchuzi akasema ni mbaya bila kujua kama kilichozidi ni chumvi au kilichokosekana ni nyanya.

Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tulio wanahisa daftari tunalo, tena tunaletewa bure. Tatizo letu ni namna tunavyolisoma.

Kabla sijaenda mbali, tuweke kalenda sawa, maana watu wengi huteleza hapa. Mwaka wa fedha wa Vodacom Tanzania, kama ule wa Safaricom ya Kenya na ule wa Airtel Africa, huanza tarehe 1 Aprili na kuisha tarehe 31 Machi. Kwa hiyo mkisikia robo ya kwanza, ni Aprili hadi Juni, si Januari hadi Machi. Bajeti ya serikali yetu nayo huanza kutumika tarehe 1 Julai. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba kodi au tozo yoyote inayopitishwa bungeni mwezi Juni, kampuni huanza kuionja katika robo yake ya pili, na sisi huisoma miezi kadhaa baadaye, wakati kelele za bungeni zimekwisha na tumeshasahau chanzo chake. Vilevile msilinganishe robo inayoishia Desemba, yenye sikukuu, harusi na watu wanaotuma fedha nyumbani, na robo inayoifuata ya Januari hadi Machi ambapo ada za shule zimekwangua mifuko. Linganisheni Desemba na Desemba ya mwaka uliopita.

Sasa jambo la kwanza kubwa. Kabla hujauliza kampuni ilifanya nini katika robo hiyo, uliza robo hiyo iliifanyia nini kampuni.

Pale Msamvu, karibu na stendi ya mabasi, kuna mama mmoja ambaye ni wakala wa fedha za simu. Simtaji jina kwa sababu hakuniruhusu, lakini wengi wenu mmetoa fedha kwake. Mwezi Julai 2021 nilipita kwake nikamkuta amekaa na kitabu chake cha miamala amekiweka mapajani, amenyamaza. Nikamuuliza, mama, kulikoni? Akaniambia: mwanangu, watu wamerudi kwa makonda. Sikumwelewa. Akanieleza kwamba tangu tarehe 15 Julai, ilipoanza ile tozo ya miamala iliyokuwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa kila muamala kulingana na kiasi, wateja wake waliokuwa wakituma fedha Mahenge na Ifakara walikuwa sasa wanazifunga kwenye karatasi, wanampa kondakta wa basi nauli ndogo ya soda, na fedha zinafika jioni.

Ndugu zangu, tafakarini jambo hilo. Tozo ile haikuwa mapato ya kampuni ya simu hata senti moja, kwa kuwa kampuni ilikuwa inakata na kupeleka serikalini. Lakini mteja hajui tofauti kati ya makato ya kampuni na tozo ya serikali. Anajua tu kwamba kutuma kumekuwa ghali. Akiacha kutuma, kampuni inapoteza makato yake halali, na wakala anapoteza kamisheni. Kwa hiyo ukichukua ripoti ya robo ya Julai hadi Septemba 2021 ukakuta mapato ya M-Pesa yameyumba, je, utasema menejimenti imelala? Serikali yenyewe ililiona hilo, ikapunguza tozo kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka uleule, na mwaka 2022 kiwango cha juu kikashushwa tena hadi shilingi 4,000. Yule mama wa Msamvu alianza kuona wateja wakirudi taratibu, mmoja mmoja, wala si wote kwa siku moja. Tozo huondolewa kwa tarehe, lakini mazoea ya watu hayana tarehe.

Mfano mwingine wa namna hiyohiyo ni usajili wa laini kwa alama za vidole. Mnaukumbuka? Mnaikumbuka misururu ya watu wanaotafuta namba ya NIDA? Mwisho wa usajili ulikuwa tarehe 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungwa. Sasa tazameni kalenda niliyowapa. Januari 2020 iko katika robo ya nne ya mwaka wa fedha unaoishia Machi 2020. Kwa hiyo ripoti ya mwaka huo ilibeba miezi miwili na siku chache tu za laini zilizofungwa, na bado ilionekana nzuri. Uzito wote ulikuja kuangukia mwaka uliofuata, mwaka uleule wa korona, na Vodacom Tanzania ikatangaza hasara ya takribani shilingi bilioni 30 kwa mwaka ulioishia Machi 2021. Wenzetu waliosoma mstari wa mwisho peke yake walishtuka Mei 2021. Aliyekuwa amesoma idadi ya wateja katika robo zilizotangulia hakushtuka, maana jambo lilikuwa limeandikwa mapema kwa herufi ndogo.

Nitaongeza kimoja kwa haraka, kwa ajili ya wale wenye intaneti ya nyumbani. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikawa ya kubahatisha hapa kwetu, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Kijana wangu alikuwa anafanya mtihani wa chuo mtandaoni. Sitawaeleza nyumba ilivyokuwa siku hiyo. Tukio la siku chache kama hilo haliui robo mwaka, lakini linawakumbusha kwamba mnaponunua hisa za kampuni ya intaneti mnanunua pia waya uliolala katika sakafu ya Bahari ya Hindi ambao si mali ya kampuni hiyo peke yake.

Kuna na viwango vya mwingiliano, yaani fedha ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine ili simu ivuke. Mamlaka ya Mawasiliano ilivishusha kwa awamu: mwaka 2018 vilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika, mwaka 2019 shilingi 10.40, mwaka 2020 shilingi 5.20. Mtandao unaopokea simu nyingi kutoka mitandao mingine kuliko unazotuma ulipoteza mapato, na mtandao unaotuma nyingi ukapunguza gharama. Mapato yaliyoshuka kwa sababu hiyo hayafanani hata kidogo na mapato yaliyoshuka kwa sababu wateja wamekimbia, ingawa kwenye karatasi yanaonekana sawa.

Jambo la pili nitalipita upesi kwa sababu ni jepesi, ingawa ndilo linalopambwa zaidi katika matangazo: idadi ya wateja. Jirani yangu ana laini tatu. Moja ni ya kupokea fedha, moja ya bando la usiku, na moja ya kuongea na dada yake aliye mtandao ule. Kwa kampuni tatu yeye ni wateja watatu. Kwa mke wake ni mume mmoja tu asiyepokea simu. Basi mkiona kampuni imeongeza wateja, ulizeni kwanza inamhesabuje mteja. Airtel Africa humhesabu aliyetumia laini ndani ya siku 30. Nyingine humhesabu aliyeitumia ndani ya siku 90, na Safaricom huonyesha hesabu zote mbili. Kisha mshuke mstari mmoja chini mtafute mapato ya wastani kwa kila mteja. Wateja wakipanda na wastani ukashuka sana, kampuni imegawa laini; bado haijauza huduma.

Jambo la tatu, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu nitakaa.

Marehemu mjomba wangu alikuwa na mashine ya kusaga mahindi kule Kilosa. Kila jioni alihesabu fedha ya siku, akatoa ya dizeli, akatoa ya kijana mwendeshaji, akatoa ya pango la banda, na kilichobaki akakiita faida. Kwa faida hiyo aliozesha binti, akapaua jiko, na akawa mtu wa kuheshimiwa sana katika vikao vya ukoo. Mwaka wa nne injini ikafa. Akazunguka kutafuta mkopo wa injini mpya, na watu wakamwuliza kwa mshangao: wewe, mwenye faida yote ile? Hakuwa mwongo. Faida alikuwa nayo. Lakini ilikuwa faida ya mtu anayeamini kwamba mashine haizeeki.

Katika ripoti za kampuni za simu kuna faida ya namna hiyohiyo. Wahasibu huiita EBITDA, yaani faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, na kampuni hupenda sana kuitanguliza kwa sababu huwa ni kubwa na hupanda vizuri. Siisemi vibaya, inasaidia kulinganisha uendeshaji wa kampuni mbili. Lakini biashara ya simu ni biashara ya mashine. Mnara, betri za mnara, mitambo, waya wa faiba unaopitishwa mtaani, masafa yanayonunuliwa kwa serikali, vyote huzeeka au huisha muda wake, na kabla 3G haijarudisha fedha yake 4G imeshabisha hodi. Vodacom Tanzania iliwasha 5G mwaka 2022, na hapo hatukuwa tumemaliza hata kuifikisha 4G katika vijiji vyetu vyote. Kwa hiyo baada ya kuisoma faida ile kubwa, shukeni mtafute mtaji uliotumika katika kipindi hicho, yaani fedha iliyotumika kununua na kujenga mitambo, mkiutoa mpate kujua ni fedha taslimu kiasi gani iliyobaki ya kulipa madeni na ya kutulipa sisi. Mjomba angekuwa na mstari huo katika daftari lake, angenunua injini kwanza na jiko lingesubiri.

Sasa sikilizeni jambo ambalo liliwahi kunichanganya hata mimi mwenye fani. Mwaka 2013 Vodacom Tanzania iliiuzia Helios Towers, kampuni inayomiliki minara na kuipangisha, minara yake zaidi ya elfu moja, ikawa inapanga katika minara ambayo zamani ilikuwa yake. Kodi ya pango ikawa gharama ya uendeshaji kama pango la banda la mjomba. Halafu kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 16 kikaanza kutumika, na kwa kampuni ambazo mwaka wake huanza Aprili kikaanza tarehe 1 Aprili 2019. Kiwango hicho kinasema: mkataba mrefu wa pango uhesabiwe kama mali uliyoikopa, kwa hiyo pango halikai tena katika gharama za uendeshaji, bali hugeuka kuwa uchakavu na riba. Na uchakavu na riba vinakaa wapi? Chini ya EBITDA! Basi robo ya kwanza baada ya hapo EBITDA za kampuni za simu zinazopanga minara zikaruka juu.

Je, mnara hata mmoja uliongezeka? Hapana. Je, mteja hata mmoja alinunua bando la ziada? Hapana. Je, mwenye mnara alipunguza pango? Hapana. Pango lilihamishwa tu kutoka ukurasa wa kwanza wa daftari hadi ukurasa wa tatu. Kampuni zilieleza jambo hilo waziwazi katika maelezo yao, hakuna aliyeficha kitu, lakini mimi nilikuwa na jamaa yangu Dodoma aliyenipigia simu kwa furaha kwamba kampuni yetu imepaa. Nilimwacha afurahi hadi Jumatatu.

Jambo la nne ni sarafu, na ndilo lililozitikisa zaidi kampuni za simu za Afrika katika miaka ya karibuni.

Airtel Africa inafanya kazi katika nchi 14, ikiwemo ya kwetu, na hisa zake zimeorodheshwa London na Lagos tangu mwaka 2019. Hesabu zake hutolewa kwa dola, na hutolewa kila robo mwaka. Soko lake kubwa kuliko yote ni Nigeria. Katikati ya Juni 2023 Benki Kuu ya Nigeria iliiachia naira itafute bei yake, na katika wiki mbili tu naira ilitoka karibu 465 kwa dola moja ikavuka 750. Robo ya kampuni ilikuwa inafungwa tarehe 30 Juni. Ripoti ilipotoka, ilikuwa na mambo mawili ambayo mtu wa kawaida angeyaona hayawezi kukaa pamoja: mapato yamekua kwa takribani asilimia 20 yakihesabiwa kwa sarafu isiyobadilika, yaani kana kwamba bei ya dola haikusogea, na mstari wa mwisho una hasara ya dola milioni 151.

Inawezekanaje? Nitawaeleza kwa mfano wa mama muuza vitenge. Chukueni kwamba mama huyu anauza vitenge hapa Morogoro kwa shilingi, lakini amekopa dola kwa msambazaji wa nje. Miezi mitatu yote ameuza vizuri. Mauzo yake tunayahesabu kwa wastani wa bei ya dola ya miezi hiyo mitatu, na kwa kuwa dola ilipanda katika wiki mbili za mwisho tu, wastani haujaharibika sana. Lakini deni lake halihesabiwi kwa wastani. Deni huhesabiwa kwa bei ya siku ya kufunga daftari, na siku hiyo dola imeshapaa. Kwa hiyo mauzo yamepigwa na wiki mbili, ila deni limepigwa na pigo zima. Ameuza vizuri na amepata hasara, na yote mawili ni kweli. Hiyo ndiyo robo ya Aprili hadi Juni 2023 ya Airtel Africa. Naira iliendelea kuporomoka, na mwaka mzima ulioishia Machi 2024 ukafungwa kwa hasara ya dola milioni 89.

Somo la uhasibu lililo humo mlichukue nyumbani: mkikutana na hasara ya fedha za kigeni, tafuteni deni la kampuni ni la sarafu gani. Airtel Africa baada ya hapo ilijishughulisha sana kupunguza madeni ya dola na kukopa kwa sarafu za nchi inazofanyia kazi. Jitihada hiyo haikuonekana katika mstari wa faida wa robo moja wala mbili. Ilionekana katika mizania, yaani ukurasa wa mali na madeni, ambao wengi wetu hatuufungui.

Na msidhani ni Nigeria tu. Jirani zetu wa Safaricom waliongoza ubia ulionunua leseni ya Ethiopia mwaka 2021 kwa dola milioni 850, wakawasha huduma Addis Ababa Oktoba 2022. Kujenga mtandao mpya katika nchi ya zaidi ya watu milioni 100 ni kama kufungua mashine kumi za kusaga kabla mahindi hayajavunwa: mtaji unatoka leo, mapato yanakuja mwaka kesho kutwa. Hisa zao zilizokuwa zimevuka shilingi 40 za Kenya mwaka 2021 zikashuka chini ya 15 mwishoni mwa 2023. Kisha mwishoni mwa Julai 2024 Ethiopia nayo ikaiachia birr, ikatoka karibu 57 kwa dola hadi zaidi ya 100 katika wiki chache, na faida ya kundi zima kwa nusu mwaka iliyoishia Septemba 2024 ikashuka kwa karibu asilimia 18, ilhali biashara ya Kenya peke yake ilikuwa inapanda.

Sasa angalieni gawio, yaani fedha ambayo kampuni hutulipa wanahisa kwa kila hisa. Kwa mwaka ulioishia Machi 2023 Safaricom ililipa jumla ya shilingi 1.20 za Kenya kwa hisa. Mwaka 2024, 1.20. Mwaka 2025, 1.20. Faida ilipanda na kushuka, birr ikaanguka, na gawio likabaki palepale miaka mitatu. Hilo linaonyesha nini? Kwamba gawio ni uamuzi wa bodi, halitoki katika faida lenyewe kama maji yanavyotoka bombani. Bodi ilitazama fedha taslimu inayozalishwa Kenya, ikatazama mahitaji ya Ethiopia, ikaamua kiwango ambacho inaweza kukishikilia. Mwanahisa anayeliona gawio lisilobadilika akadhani kampuni haibadiliki amekosea. Na anayeliona hivyohivyo akadhani bodi ni wachoyo, huyo pia asome mtiririko wa fedha kwanza ndipo alalamike. Mimi binafsi nilikuwa katika kundi la pili, na bado nadhani kwa mwaka mmoja kati ya hiyo wangeweza kutupa kidogo zaidi. Mwenyekiti, naomba hilo liandikwe kuwa ni maoni yangu.

Kuna swali lililoulizwa na mzee mmoja pale nyuma kabla sijaanza, na nilimwahidi nitalijibu. Aliuliza: hizi fedha zetu tulizoweka katika simu, mabilioni kwa mabilioni, si ndizo zinazowafanya wawe matajiri? Mzee wangu, fedha hizo si za kampuni. Kwa mujibu wa sheria yetu ya mifumo ya malipo ya mwaka 2015 na kanuni zake, zinakaa katika akaunti za udhamini benki, na riba inayopatikana humo inarudishwa kwa wateja; Tigo, ambayo sasa inaitwa Yas, ndiyo iliyotangulia kugawa mwaka 2014. Mapato ya kampuni ni yale makato unapotuma na unapotoa. Kwa hiyo ukisikia salio la wateja limefika kiasi fulani, hiyo ni dalili ya imani ya watu, haina nafasi katika mapato.

Muda wangu unakwisha, na naona Katibu ananionyesha saa kwa adabu. Katibu amegawa nakala za taarifa ya robo mwaka ambayo wengi wenu mliiona gazetini, na kila meza ina kalamu. Naomba mfanye hivi, tena sasa hivi kabla ya chai. Chukueni kipande cha karatasi, mfunike mstari wa mwisho usionekane. Kisha meza ya kwanza itafute mapato ya huduma na iyalinganishe na robo kama hiyo ya mwaka jana, si robo iliyopita. Meza ya pili itafute mtaji uliotumika. Meza ya tatu, ambayo naona ina akina mama wa vitenge, itafute deni na sarafu yake. Wale wa nyuma waandike orodha ya mambo yote wanayoyakumbuka yaliyotokea nchini katika miezi hiyo mitatu, kuanzia kodi hadi mvua. Mkimaliza, kila meza itasimama iseme ilichopata, na hapo ndipo tutaondoa kile kipande cha karatasi pamoja.

Mama wa Msamvu, uko? Njoo mbele ukae na meza ya wale wa nyuma. Tarehe zote za tozo umeziandika katika kitabu chako.